Sekunde Tisa za Namba Kumi na Saba

Nchi ya Afueni ina amani. Hayo si maoni ya mtu, ni Katiba, ibara ya kwanza, na adhabu ya kuikanusha ibara ya kwanza imo katika ibara ya pili. Ibara nyingine hazijaandikwa, kwa kuwa wataalamu walikaa wiki sita katika hoteli nzuri wakaona hizo mbili zinatosha.

Nchi hiyo ina chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Mlezi, kilichopo Barabara ya Mlezi, ubavuni mwa Hospitali ya Mlezi. Mlezi ndiye kiongozi wao. Jina lake halisi lilishasahaulika, na aliyelikumbuka mara ya mwisho hakuonekana tena. Kwenye ghorofa ya tatu ya chuo hicho, ambako lifti haifiki, kulikuwa na Kikundi cha Utafiti wa Lugha, Fikra na Mawasiliano, watu watatu tu, waliojishughulisha na jambo lisilomdhuru hata sisimizi. Walikuwa wakipima kimya.

Si kimya cha makaburini, la. Ni kile kidogo kinachokaa kati ya swali na jibu. Dokta Sihaba Mpangala alikuwa na miaka kumi na mmoja akikisikiliza, na mashine aliyoiunda kwa kipaza sauti kimoja, kompyuta kuukuu na nyaya zilizoshikizwa kwa gundi ya karatasi. Waliiita Kipimakimya. Mtu akiulizwa swali, mashine ilihesabu muda uliopita mpaka alipoanza kujibu, basi. Dokta Sihaba aligundua kwa njia hiyo kwamba mtu akiulizwa "Habari za nyumbani?" hujibu "Nzuri" kabla nusu sekunde haijaisha, hata kama nyumbani kwake wanachimba kaburi. Mtu akifikiri kwanza, huchelewa. Aliyaandika hayo katika jarida linalosomwa na watu thelathini duniani, akafurahi sana.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu wake. Kwa kuwa kuna watu wepesi na watu wazito wa kusema, kila mshiriki aliulizwa kwanza maswali kumi ya kuzoea: jina lako nani, leo siku gani, mlango huu una rangi gani. Wastani wa kuchelewa kwake hapo ndio ulioitwa kawaida yake. Maswali ya utafiti yalifuata, na kila jibu lilipunguziwa ile kawaida. Bila kupunguza, namba zile hazina maana yoyote. Baada ya siku saba sauti na maswali ya kuzoea vilifutwa vyote, majina yakabaki katika daftari moja tu lililofungiwa kabatini kwa Dokta Sihaba, kwani kila mshiriki alitia saini fomu iliyosema jina lake halitajulikana na mtu yeyote. Dokta Sihaba alikuwa miongoni mwa watu wachache sana nchini Afueni walioamini yaliyoandikwa kwenye fomu.

Lilikuwepo pia Swali la Kumi na Mbili. Hilo hakulitunga yeye. Kila utafiti nchini Afueni, ili upate kibali, lazima uwe na swali hili: "Je, Mlezi wetu anatuongoza vizuri?" Watafiti wa magonjwa ya mihogo huwauliza wakulima. Watafiti wa samaki waliomba wasamehewe, Wizara ikawajibu kwamba kimya cha samaki kiandikwe kuwa ni ndiyo.

Siku ya mwisho ya vipimo, mshiriki namba kumi na saba hakutokea. Profesa Abeid Ndulamo, mkuu wa kikundi, alikuwa kwenye semina. Huyu alikuwa msomi mkubwa, ameandika vitabu vinne juu ya uhuru wa kusema, vyote vikiwa bado kwenye droo yake. Mtu pekee aliyekuwepo ni Bi Tunu Makolela, mhudumu wa ofisi, ambaye kwa hesabu za chuo ndiye aliyekuwa wa tatu katika kikundi.

"Kaa hapo, Bi Tunu, unitimizie idadi yangu," alisema Dokta Sihaba.

"Na chai?"

"Chai itasubiri. Jibu kweli tu, usiogope kitu."

Bi Tunu alikaa. Ulimi wake haukuwa na breki. Maswali ya kuzoea aliyajibu yote kabla hayajapoa, na alipoulizwa rangi ya mlango alisema ni buluu, tena unahitaji kupakwa upya, na fundi yupo pale jirani na kwao. Lilipofika Swali la Kumi na Mbili alifumbua mdomo, akaufumba. Akatazama dirishani. Sekunde zikapita, tatu, tano, saba. Kwenye ya tisa akasema, "Anajitahidi."

"Mbona umekawia hivyo?" Dokta Sihaba alimuuliza baadaye, akitoa kipaza sauti.

"Si umeniambia nijibu kweli? Nikawa naitafuta."

Dokta Sihaba alicheka. Kwenye daftari, mstari wa kumi na saba, akaacha nafasi wazi ili aje aandike jina akishakunywa chai. Hakuandika.

Kosa lililofuata ni kosa ambalo wasomi tu wanaweza kulifanya. Kanuni za kibali zilitaka majibu ya Swali la Kumi na Mbili yapelekwe Wizara ya Mawasiliano na Nyoyo katika saa ishirini na nne, na Profesa Ndulamo, aliyekuwa akiogopa Wizara kuliko alivyomwogopa Mungu, aliyapeleka katika saa mbili. Aliyapeleka mabichi, bila kupunguza kawaida ya mtu yeyote, na bila maelezo. Washiriki thelathini na tisa walikuwa wamejibu "Ndiyo" upesi kuliko mtu anavyotoa mkono kwenye chungu cha moto. Mmoja alichelewa sekunde tisa nukta moja, akasema, "Anajitahidi."

Pale Wizarani karatasi hiyo ilisomwa na watu waliokuwa wamesimama.

Wiki ya pili Mheshimiwa Fumbwe Kilangi, Waziri wa Mawasiliano na Nyoyo, alihutubia taifa kwa saa mbili na nusu. "Ndugu wananchi," alisema, "wataalamu wetu, wakiangaziwa na fikra za Mlezi, wamegundua mahali adui anapojificha. Adui hajifichi msituni. Hajifichi ng'ambo. Adui anajificha kati ya swali na jibu. Kuanzia leo, mahali hapo pamefungwa."

Mabango yakasimamishwa kila njia panda: JIBU UPESI, TAIFA LINAKUSIKIA. Watu wa Afueni ni watiifu, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Wakaanza kujibu upesi, kisha upesi zaidi, na mwezi ulipoisha walikuwa wakijibu kabla swali halijamalizika. Mtu aliyekwenda hospitali kung'oa jino alisema ndiyo mapema mno, akarudi nyumbani hana kidoletumbo. Bibi harusi mmoja alikubali kabla bwana harusi hajatajwa, na ndoa ikahesabiwa sahihi. Mahakamani kesi zilikwisha asubuhi moja, mahakimu wakapata muda wa kulima. Shuleni watoto walishindanishwa, wakafundishwa kwamba mwenye kusema kweli hujibu papo hapo, na mwenye kukawia anaficha.

Jambo moja tu lililobaki ni kumpata namba kumi na saba.

Barua ilikuja ikiwa na mihuri mitano. Iliamuru daftari la majina. Dokta Sihaba alilitoa kwa sababu hakuwa na namna, na kwa siku mbili Wizara ilichunguza ule mstari mtupu kwa kioo cha kukuzia, ikaupitisha juu ya mvuke, ikaupaka ndimu. Halafu ikaja barua ya pili. Mheshimiwa Waziri angefika mwenyewe, Jumatatu saa nne asubuhi, na Dokta Sihaba angeulizwa kwa mashine yake mwenyewe.

Kila mtu alijua namba kumi na saba angepelekwa wapi. Kule huitwa Chuo cha Tabasamu, na serikali inasema ni taasisi ya elimu. Maulidi, mume wa Bi Tunu, alipelekwa huko miaka sita iliyopita kwa kosa la kupiga miayo wakati wa wimbo wa taifa. Alirudi baada ya miezi minne akitabasamu. Hakuacha tena. Alitabasamu akila, akilala, akiungua kwa uji. Alitabasamu akimfukia mama yake, na waombolezaji wakageuza nyuso zao pembeni.

"Dokta," alisema Bi Tunu Ijumaa ile, akifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari, "nitakwenda nikawaambie mwenyewe."

"Huendi popote."

"Una mtoto wewe. Mimi nina nini? Nina Maulidi, na yeye hata nikichelewa kurudi miaka kumi atakuwa anacheka tu pale mlangoni."

"Bi Tunu, nilikupa neno langu. Fomu ile niliiandika mimi."

Bi Tunu alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama msomi. Akaendelea kufuta.

Jumatatu Mheshimiwa Kilangi alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akiwa na walinzi wanne, mpiga picha, na Afisa Nyoyo Mwandamizi aliyeitwa Sururu, mwembamba, mpole wa sauti, mwenye saa ya kuhesabia sekunde iliyoning'inia shingoni. Profesa Ndulamo aliketi mbele ya kompyuta. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima. Bi Tunu aliambiwa alete chai, maana hata siku ya hukumu mgeni lazima anywe kitu, akasimama ukutani na sinia lake.

"Anza," alisema Waziri.

"Mheshimiwa, kwa utaratibu tunaanza na maswali kumi ya kuzoea," alisema Profesa. "Ndiyo yanayotupa kawaida ya mtu. Mashine haifanyi kazi bila hivyo."

"Mashine ambayo Mlezi ameisifia haiwezi kunyimwa utaratibu wake. Endelea."

Profesa akauliza, "Jina lako nani?"

Dokta Sihaba alinyamaza.

Chumba kizima kilimtazama. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yakienda mbio, hayafai kuhesabia kitu. Lakini sekunde alizijua. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa nazo. Mbili. Nne. Waziri akasogea kwenye kiti. Sita.

"Huyu amekuwa kiziwi?"

"Mheshimiwa," alinong'ona Profesa, "tukisema, mashine inaharibika."

Waziri, ambaye hakuwahi kunyamazishwa tangu ateuliwe, alinyamaza. Nane. Tisa.

"Sihaba Mpangala," alisema Dokta Sihaba.

"Leo siku gani?"

Sekunde tisa. "Jumatatu."

Kwenye swali la tatu Profesa Ndulamo aliinua macho. Alikuwa mwoga, hakuwa mjinga. Alielewa kinachofanyika mbele yake, na alielewa pia kwamba neno moja lake lingemfanya naibu makamu mkuu wa chuo kabla ya chakula cha mchana. Vidole vyake vilikaa juu ya vitufe. Halafu akauliza rangi ya mlango. Baada ya sekunde tisa akaambiwa ni buluu.

Maswali kumi yalichukua muda unaotosha kuchemsha yai. Profesa akasoma kioo cha kompyuta kwa sauti iliyokwaruza. "Kawaida ya Dokta Sihaba Mpangala ni sekunde tisa nukta moja."

Afisa Sururu akatazama saa yake ya shingoni, akaandika kitu.

"Sasa swali langu," alisema Waziri, akainama mpaka kidevu chake kikakaribia kipaza sauti. "Namba kumi na saba ni nani?"

Kimya kikaanza upya. Kwenye sekunde ya tatu vikombe vilianza kulia polepole juu ya sinia la Bi Tunu. Kwenye ya tano aliliweka sinia chini. Dokta Sihaba alimwona kwa pembe ya jicho akifuta viganja kwenye khanga, akijiweka sawa, akisogea hatua moja. Alitaka kupiga kelele. Kama angejibu sasa, kwenye sekunde ya sita, kila kitu alichojenga kingeanguka, na kama angengoja, yule mama angesema.

"Mheshimiwa, mimi..." alisema Bi Tunu.

"Hakuna kuongea mashine ikiwa kazini," alisema Profesa Ndulamo, kwa ukali ambao mkewe hakuwahi kuusikia. Kama ulikuwa ushujaa au mazoea ya kufuata taratibu, hata leo haijulikani, na yeye mwenyewe hajui.

Nane. Tisa.

"Ni mimi," alisema Dokta Sihaba.

Walinzi wakasogea. Waziri akawaka uso wote kwa furaha, halafu furaha ikapungua kidogo kidogo, kwa sababu Afisa Sururu alikuwa amemwinamia sikioni. Namba kumi na saba alichelewa sekunde tisa nukta moja. Mwanamke huyu huchelewa sekunde tisa nukta moja akiulizwa jina lake mwenyewe. Ukipunguza kawaida yake, alimjibu Mlezi bila kuchelewa hata kidogo. Kwa mujibu wa mashine, hakuna raia mwaminifu kumzidi.

"Na hilo neno 'anajitahidi'?" Waziri alisema. "Hukusema ndiyo. Kwa nini?"

Sekunde tisa zilimfaa sana hapo. "Mheshimiwa, Mlezi mwenyewe alisema katika hotuba yake, 'Najitahidi.' Mimi ni nani nimbishie?"

Hakuna aliyekumbuka hotuba hiyo. Hakuna pia aliyekuwa tayari kusema kwamba haikumbuki. Waziri akaitikia kwa kichwa taratibu, walinzi wakaitikia kwa vyao.

"Na yule mama alitaka nini?"

"Alitaka kuuliza sukari, Mheshimiwa," alisema Profesa.

Mpiga picha akapiga picha. Dokta Sihaba alitunukiwa palepale kitambulisho cha Mzito wa Ulimi Daraja la Kwanza, raia wa kwanza na wa pekee nchini Afueni kuruhusiwa kukawia. Bi Tunu akamimina chai. Kiasi chake kiliingia vikombeni.

Lakini Wizara si watoto. Kawaida ya mtu, aliandika Afisa Sururu katika taarifa yake, ni kitu anachokaa nacho siku zote, si asubuhi moja. Ikaamuliwa kwamba yeye Sururu atamfuata Dokta Sihaba kwa siku tisini, kazini na nyumbani, na saa yake shingoni. Jibu lolote likitoka kabla ya sekunde ya nane, basi Dokta atakuwa amedanganya mashine, namba kumi na saba atakuwa mtu mwingine, na mhudumu mwenye khanga aliyetaka kuuliza sukari ataitwa aje aulizwe kuhusu hiyo sukari.

Ndivyo Afisa Sururu alivyohamia. Alipewa chumba cha wageni. Hakuwa mtu mbaya, alikunja shuka lake mwenyewe kila asubuhi. Sokoni wauzaji walimuuliza Dokta anataka nyanya ngapi, wakawahudumia wateja wawili kabla hajajibu. Darasani wanafunzi walilala kati ya swali lao na jibu lake. Simu aliacha kupokea. Waliompenda walijifunza kutomuuliza kitu. Bi Tunu alikuwa akiingia ofisini na kusema, "Leo nimeona umekonda. Nadhani hujala. Nimekuwekea maandazi," kisha akatoka upesi, macho yakiwa mekundu.

Mtu ambaye Dokta Sihaba hakuweza kumweleza ni binti yake Raya, wa miaka saba, aliyekuwa darasa la pili. Mtoto wa miaka saba hatunzi siri, na Afisa Sururu alikuwa akimsaidia hesabu jioni, akimpa na peremende. Kwa hiyo Dokta alimwambia tu kwamba mama siku hizi amechoka. Alijitahidi kumkumbatia zaidi, kwa kuwa kukumbatia hakupimwi.

Siku ya hamsini na mbili ilikuwa Jumamosi. Walikuwa mezani mchana, wali na mchuzi wa maharage, Dokta upande huu, Afisa Sururu upande ule, saa ikiwa kando ya bilauri yake ya maji. Raya hakuwa akila. Alikuwa akichorachora wali kwa kijiko.

"Mwalimu amesema mtu akichelewa kujibu, anaficha," alisema.

Hakuna aliyemjibu, halikuwa swali.

"Mimi nimemwambia kwamba mama yangu haniambii uongo." Raya akaweka kijiko chini, akainua uso. "Mama, unanipenda?"

Afisa Sururu, bila ubaya wowote, akabonyeza saa yake.

Moja. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, limesimama nyuma ya meno. Mbili. Dokta Sihaba alishika ukingo wa meza. Tatu. Raya alikuwa akitabasamu kidogo, akingoja. Nne. Alimfikiria Bi Tunu akirudi nyumbani na uso kama wa Maulidi. Tano. Raya aliacha kutabasamu. Sita. Akatazama kijiko chake. Saba, na Dokta Sihaba alihisi maumivu kifuani, maumivu ya kweli, yenye mahali pake. Nane. Raya akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea majibu ya mtihani na kuona ni yale aliyoyatarajia, akashuka kwenye kiti, akachukua sahani yake kwa mikono miwili.

Tisa.

"Nakupenda, mwanangu. Nakupenda kuliko kitu chochote duniani."

Mlango wa jikoni ulikuwa umeshafungwa. Afisa Sururu akaandika tisa nukta moja, hakuna kasoro, akapiga muhuri mdogo anaotembea nao, kisha akasogeza sahani yake aongezewe wali.